Kifaranga Juu ya Jeneza la Anacleto

Siku ya tano ya msiba, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, Ursing alifika na kifaranga ndani ya mfuko wa karatasi. Akamtoa, akampuliza manyoya yakae vizuri, akamweka juu ya kioo cha jeneza la kaka yake, palepale penye uso. Kisha akammwagia punje za mchele.

Kifaranga akainama. Ta, ta, ta.

Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu uani waliacha kumenya. Wazee wa karata wakabaki na karata hewani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Aliyekufa kwa homa hawekewi kifaranga, wala aliyekufa kwa uzee, wala aliyeteleza bafuni. Huwekewa aliyeuawa, ili kila mdonoo juu ya kioo uwe mdonoo ndani ya moyo wa muuaji, popote alipojificha, mpaka usingizi umkimbie na aseme.

"Mtoe," alisema Luming, mjane.

"Simtoi."

"Ursing, mtoe huyo ndege. Meya anakuja saa tisa."

"Sasa ulitaka nimlete siku gani, wifi? Siku ya kuzaliwa kwake?" Ursing akaongeza punje nyingine. "Na usiwe na wasiwasi, mchele upo. Akimaliza kumdonoa Meya wako, atabakiza punje mbili tatu za yule aliyetia sahihi."

Luming aligeukia mishumaa, akaanza kukwangua nta. 

Jina lake kamili ni Iluminada Sumbillo, na kwa miaka kumi na minane alikuwa mpigadebe wa Meya Teodulfo Villaronte. Kazi hiyo haina mshahara wala barua ya ajira, lakini hakuna mtu katika mji wa Santa Ludivina asiyejua uzito wake. Mwenye mgonjwa alipita kwa Luming kabla ya kwenda kwa daktari, apate karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni fukara, karatasi ipate sahihi ya Meya, na sahihi ipate kitanda. Aliyetaka mwanawe aajiriwe kufagia soko alipita kwa Luming. Uchaguzi ukikaribia, yeye ndiye aliyejua nyumba ipi ina kura nne na nyumba ipi ina kura tano na mdomo mrefu. Hata binti yake wa pekee, Nerissa, alikwenda Taiwani kutunza wazee kwa barua ya Meya, na sasa alihudhuria msiba wa baba yake kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji kando ya mishumaa, maana mwajiri alimnyima ruhusa.

Misiba nayo ilikuwa sehemu ya kazi ya Luming. Meya Villaronte anaweza kukosa kikao cha bajeti, anaweza kukosa hata mafuriko yenyewe, lakini msiba hakosi. Wafiwa wana ndugu wengi, na ndugu wana kura. Luming alikuwa akimtangulia kwa saa moja. Alipanga viti, akahakikisha hema lenye sura ya Meya linatazama barabarani, akagawa mapepeo yenye sura hiyohiyo, kisha akawanong'oneza wafiwa: msimwambie asante, na akiondoka kaeni mlipo, mtu asinyanyue hata kisigino. Mfiwa anayemshukuru mgeni, au anayemtoa hadi njiani, anampa mauti ayabebe kwenda nayo nyumbani. Wote walilijua hilo tangu utotoni, lakini wapo wanaozidiwa na adabu, na Meya aliliogopa jambo hilo kuliko alivyowaogopa wakaguzi wa serikali. Hata pale ambapo hakusindikizwa, gari lake halikurudi kwake moja kwa moja. Lilisimama kwanza kwenye mgahawa mmoja wa barabara kuu, akanywa kahawa asiyoitamani, ili kama kuna kitu kimemfuata kipotelee humo, kiwafuate wateja wengine.

Kwa miaka kumi na minane Luming aliwakalisha wafiwa. Hakuna aliyewahi kusimama.

Ukuta wa kuzuia maji ya mto ulijengwa miaka miwili kabla ya msiba huu. Aliyetafuta fedha alikuwa kaka yake Meya, mbunge. Aliyejenga alikuwa shemeji yake Meya. Aliyekata utepe alikuwa mke wa Meya, diwani. Lilikuwa jambo la kifamilia, na Luming, maskini, alijihesabu katika familia hiyo. Mumewe Anacleto, fundi mwashi, alichanganya zege pale kwa miezi minne.

"Ukuta ule hauna mifupa," alisema jioni moja, akinyofoa samaki mkavu kwa vidole.

"Una nini?"

"Nondo zinaletwa na lori asubuhi, zinapigwa picha, jioni lori lilelile linaondoka nazo. Tunamwaga zege kwenye hewa, Luming. Ukitaka kuuegemea ule ukuta, uuombe ruhusa kwanza."

"Wewe changanya zege," alimjibu. "Siasa niachie mimi."

Akamwachia. Alikuwa mtu wa kuachia.

Siku ya uzinduzi walichomwa nguruwe wawili. Kanuni zilitaka mwakilishi wa wakazi athibitishe kwa mkono wake kwamba kazi imekwisha kama ilivyochorwa. Kapteni wa mtaa, Hermogenes, mtu mnene mwenye jasho la mapema, aligeuka, akainama, akautoa mgongo wake uwe meza. Luming alitia sahihi juu ya mgongo huo, mkono wa pili ukiwa umeshika kipande cha ngozi ya nguruwe iliyokauka vizuri. Hakupima ukuta. Hakwenda hata kuutazama upande wa pili. Alipewa mwavuli wenye sura ya Meya.

Mwezi wa Saba wa mwaka wa msiba mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya tatu Luming alikuwa ukumbi wa manispaa pamoja na wapigadebe wenzake, wakibandika sura ya Meya kwenye mifuko ya mchele wa msaada kwa mitaa mingine iliyofurika. Ndivyo msaada unavyotolewa pale: mwenye njaa hapati mchele mpaka mchele upate uso. Saa nane mchana, wakati akilainisha karatasi kwa kiganja isiache makunyanzi kwenye shavu la Meya, ukuta ulianguka. Anacleto alikuwa amefunga paa la jirani asubuhi nzima, akarudi nyumbani, nyuma ya ukuta, akiwa ameloa, akala, akalala. King'ora hakikulia, kwa kuwa zabuni ya king'ora alipewa mpwa wa Meya, nacho kilikuwa bado kwenye boksi.

Kabla mwili haujaoshwa, ukurasa wa Meya ulikuwa umeshaandika: Mkaidi mmoja afariki. Alikataa kuhama kwa ajili ya majogoo wake.

Majogoo walikuwapo kweli, wawili. Walionekana kesho yake juu ya paa la kanisa, wazima, wakiwika. Lakini kuambiwa ahame, Anacleto hakuambiwa na mtu. Mkaidi! Kila mwaka maji yanaua, na kila mwaka waliokufa ni wakaidi. Hajawahi kufa mtu mtiifu Santa Ludivina.

Saa nane na nusu Kapteni Hermogenes aliingia akijipepea kwa pepeo lenye sura ya bosi wake. Nyuma yake alikuwa Yasminda, msichana wa habari wa ofisi ya Meya, amebeba simu, stendi ya kuisimamishia simu na taa ya duara. Kapteni akafika kwenye jeneza, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nini hiki?"

"Kuku," alisema Ursing.

"Naona ni kuku!"

"Sasa unauliza nini, Kapteni? Bado mdogo, lakini. Hatoshi supu yako."

Wazee wa karata walicheka kwa pua. Kapteni akamgeukia mjane, akamwita kwa neno la heshima apewalo mama. "Aling Luming, wewe ni mtu mzima. Unajua maana ya huyu mdudu. Meya akimkuta hapa, mbele ya kamera, utakuwa umemwita nani?"

Luming alisimama. Alikwenda kwenye jeneza bila kumtazama mtu, akamshika kifaranga kwa mikono miwili. Alikuwa mwepesi kama pamba, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio ndani ya viganja vyake. Akamtia kwenye mkebe mtupu wa biskuti, akautoboa mfuniko kwa uma, akausukuma chini ya meza ya mishumaa.

"Hongera," alisema Ursing. "Mumeo wamemziba mdomo, na kuku naye umemziba. Umebaki wewe tu wa kuongea, na wewe kasuku."

Yasminda akamvuta Luming pembeni, akampa karatasi iliyochapwa. Alikuwa msichana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyochosha. "Ni fupi tu, Mama. Unasoma mara moja, Meya amekaa pembeni yako, inaruka moja kwa moja kwenye ukurasa. Maelfu ya watu watakupa pole."

Luming akasoma. Mimi, mjane wa marehemu, natamka kwa hiari yangu kwamba mume wangu alionywa mara tatu. Kwa ukaidi wake alikataa kuhama. Namshukuru Meya.

"Neno ukaidi, ni lazima?"

"Hilo ndilo lenyewe, Mama. Tukilitoa, watu wataulizia ukuta." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na Meya ameshamtengea mzee wetu, Mang Kleto, safu ya nne. Ya nne! Watu wanaipigania."

"Ameshamtengea?"

"Baada ya video."

Makaburi ya manispaa yamejengwa kama rafu za duka, safu tano kwenda juu. Safu mbili za chini huingia maji kila msimu. Mwaka juzi jeneza la mwalimu mmoja mstaafu lilikutwa sokoni, limekaa juu ya meza ya wauza samaki kama linalosubiri bei. Luming alikuwapo siku hiyo. Ndiye aliyetandaza bango la Meya kulifunika.

Akaikunja karatasi mara mbili. Anacleto, ambaye maji yalimfuata kitandani, yangemfuata tena kaburini, kila Agosti, mwaka hadi mwaka. Au angelala pakavu, kwenye safu ya nne, chini ya neno hilo moja, litoke katika mdomo wa mkewe. Alimtazama Nerissa kwenye simu. Picha ilikuwa imeganda, mdomo wa binti ukiwa wazi nusu.

Meya alifika saa tisa na dakika kumi, shati jeupe, manukato yaliyomtangulia. Alishika mabega, akagusa vichwa vya watoto, akalitazama jeneza kwa sekunde zile ambazo Luming alizijua kwa hesabu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha: chini ya kumi ni dharau, zaidi ya ishirini ni unafiki.

"Luming wangu," alisema, akiketi. "Umekonda. Unakula?"

"Nakula, Meya."

"Kleto alikuwa mtu mwema. Mgumu kidogo, lakini mwema."

Kutoka chini ya meza kukasikika: piii, piii, piii.

Meya akageuza shingo. "Nini kinalia?"

"Simu ya mtu," Kapteni akawahi. "Nyinyi, zimeni simu zenu!"

"Haizimiki hiyo," alisema Ursing kutoka nyuma. "Betri yake ni ya kienyeji."

Yasminda aliwasha taa ya duara, akainua vidole vitatu, viwili, kimoja. Luming aliona sura yake kwenye kioo cha simu, na ya Meya kando yake, na nyuma yao Meya mwingine kwenye hema, na mwingine kwenye shada, na wengine kumi na tano kwenye mapepeo yaliyokuwa yakienda na kurudi. Mume wake tu ndiye hakuonekana. Kamera ilikuwa imewekwa hivyo makusudi.

"Mimi ni mjane wa Anacleto Sumbillo," alianza, na karatasi ikabaki imekunjwa mapajani. "Mume wangu hakuwa mkaidi. Alikuwa amelala. Hakuja mtu kutuonya, si mara tatu, si mara moja. Ukuta ulianguka kwa sababu hauna nondo. Yeye aliniambia, kwa maana alikuwa fundi wake, nami nikamwambia anyamaze. Karatasi inayosema ukuta umekamilika ina sahihi ya mkazi mmoja. Ni yangu. Nilitia sahihi nikiwa nakula nguruwe."

"Tunarudia," alisema Yasminda, sauti ikipanda. "Samahani, tunarudia, mtandao..."

"Turudie nini, mwanangu? Si ulisema inaruka moja kwa moja?"

Taa ikazimwa. Mapepeo yalikuwa yamesimama yote. Meya hakuacha kutabasamu. Lile tabasamu halikuwa la furaha, lilikuwa kama kufuli, na alilitumia hivyo. Akainama karibu na sikio la Luming, na manukato yake yakamfikia kabla ya maneno.

"Una huzuni, Luming. Mwenye huzuni hahesabiwi maneno. Lakini maji hayajui huzuni. Safu ya kwanza ndiyo iliyobaki."

Akasimama, akapiga makofi mawili madogo kumwita dereva. "Tusiwachoshe wafiwa."

Hapo Luming naye akasimama.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Kapteni alidhani anakwenda kuomba msamaha, akampisha njia. Luming alimfikia Meya kwenye kizingiti cha hema, akapitisha mkono wake chini ya mkono wa Meya, akaubana ubavuni kama bibi harusi.

"Ngoja nikusindikize, Meya."

"Hapana, hapana, kaa. Luming, kaa!"

"Nikae vipi, na wewe umetujia na jua lote hili? Mgeni wa heshima hatoki peke yake. Asante kwa kuja, Meya. Asante kwa maua. Asante kwa hema. Asante sana."

Mwanamke mmoja alipiga yowe, akaziba mdomo kwa mkono ulioshika kisu cha kumenyea. Wazee wa karata walisimama, wakajipiga ishara ya msalaba, kisha wakaketi upesi wasije wakahesabiwa nao wanasindikiza. Meya aliuvuta mkono wake. Luming hakuuachia, mikono yake ilikuwa ya kufua, ya kupanga viti, ya kubeba mifuko ya mchele kwa miaka kumi na minane, na ya Meya ilikuwa ya kupunga. Walipita mbele ya jeneza, wakapita uani, wakatoka langoni, wakashuka hatua tatu hadi barabarani, na kila hatua alimshukuru kwa jambo jipya. Asante kwa mwavuli. Asante kwa barua ya Nerissa. Asante kwa ukuta.

"Aling Luming, mwachie, tafadhali," Kapteni alilia nyuma yao, lakini hakuthubutu kuvuka lango.

Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Alipoona ni nani anakuja na nani, alirudi nyuma hadi upande wa pili wa gari. Luming alimwingiza Meya mwenyewe, akamfungia mlango, akainama dirishani. Uso ule aliokuwa ameubandika kwenye maelfu ya mifuko ulikuwa umetota jasho.

"Ufike salama," alimwambia. "Anacleto yuko nawe."

Gari liliondoka kwa kasi kuelekea barabara kuu. Watu waliolifuata kwa macho walisema halikusimama kwenye mgahawa mmoja siku hiyo. Lilisimama kwenye mitatu.

Saa kumi na moja lilikuja lori la manispaa. Walichukua hema, viti, shada, jiko la kahawa, na wakapita mtu hadi mtu wakikusanya mapepeo. Jeneza likabaki juani na Ursing akilikinga kwa shuka. Majirani walitoka na miavuli yao. Karibu yote ilikuwa na sura ya Meya, kwa hiyo waliigeuza ndani nje, na mifupa yake ikasimama juu kama buibui waliokufa.

Luming alitoa mkebe chini ya meza, akafungua, akamrudisha kifaranga juu ya kioo. Akamwaga mchele yeye mwenyewe, kiganja kizima.

"Mwingi hivyo?" aliuliza Ursing. "Meya mmoja tu huyo."

"Siyo wa Meya peke yake."

 Ursing hakusema pole, wala yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Akavuta kigoda, akaketi, akamwachia Luming upande wenye kivuli.

Anacleto alizikwa safu ya kwanza. Maji yaliingia mwaka uliofuata, na Luming alikwenda na ndoo na kopo, akayachota. Kifaranga akakua kuwa koo mkali anayetaga kwenye kofia ya fundi ya marehemu, na Ursing ameapa kwamba atakayemtia sufuriani atawekewa kifaranga wake mwenyewe. Meya Villaronte hakufa. Alichaguliwa tena kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza, na mtaa wa Luming ulimpigia kama kawaida. Mpigadebe mpya ana bidii na ni mpwa wa Kapteni. Ukuta unajengwa upya. Aliyepewa kazi ni shemeji yuleyule.

Ila misibani Meya haji tena. Hutuma shada na dereva. Na kila shada linapofika popote Santa Ludivina, wafiwa humtuma mtu kumwita Luming. Huja na nguo zake za kazi, mikono ikinuka sabuni, humkaribisha dereva kahawa, humwambia asante mara saba. Dereva akiinuka kuondoka, naye huinuka. Wanasema hakuna mtu wa manispaa anayekimbia kama dereva yule, na kwamba yule mjane wa miaka hamsini na sita humfuata hadi mwisho wa mtaa, ndara mkononi, akimwita kwa upole amsubiri.